Mgeni Mwenye Vinundu

"Mimi jiwe silipimi," alisema Patasi. "Nalilamba tu. Na ulimi wangu haujawahi kunidanganya tangu nizaliwe."

Aliyasema hayo asubuhi, mbele ya mama yake, dada yake na mkandarasi wa zahanati. Alikuwa amesimama juu ya jiwe kubwa. Mikono kiunoni, kifua mbele, kama jogoo aliyewahi kuwika kabla ya wenzake. Sasa wewe msomaji, lishike neno hilo la ulimi. Usilitupe. Tutalihitaji.

Patasi halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa na dada yake. "Patasi ina makali upande mmoja," Dada alisema. "Upande wa pili ni wa kupigwa nyundo."

Familia yao ilichimba na kuchonga mawe. Machimbo yalikuwa nyuma ya nyumba, ubavuni mwa kilima. Jiwe walilolitaka lilikuwa moja tu, nao waliliita jiwe la asali. Rangi yake ilikuwa kama asali mbichi. Lilikuwa gumu, lakini lilikubali msumeno. Ukilisugua, lilikuwa likikuonyesha uso wako, hata kama hukutaka kuuona.

Jiwe hilo lilikaa kilimani kama godoro kati ya mablanketi mawili. Chini yake kulikuwa na jiwe la kijivu. Juu yake kulikuwa na jiwe jingine la kijivu. Mawe yote mawili ya kijivu hayakuwa na kazi. Ukiyapiga nyundo, yalikuwa yakivunjika kama biskuti iliyoingia maji.

Tangu baba yao afariki, Mama ndiye aliyekuwa mkuu wa machimbo. Yeye alinoa vyuma na kuamua pa kuchimba. Dada aliendesha msumeno wa mashine. Hakuwa na maneno mengi, kwa sababu msumeno ulipiga kelele kwa niaba yake. Patasi alipasua na kuchonga. Na kusema. Alisema kwa niaba ya familia nzima, na majirani wakiwemo.

Asubuhi hiyo Dada alikuwa amezima mashine mapema. Mbele yake kulikuwa na ufa mrefu, kutoka juu ya ukuta wa mwamba hadi chini. Upande huu wa ufa, jiwe la asali lilikuwepo. Upande wa pili halikuwepo. Kulikuwa na kijivu kitupu.

"Limeisha," alisema Dada.

"Haliwezi kuisha," alisema Mama. "Baba yenu alilichimba. Babu yenu alilichimba."

"Mama, tazama mwenyewe."

Mama alitazama. Alipitisha kiganja juu ya kijivu, na vumbi likabaki mkononi.

Mkandarasi alikohoa. Alikuwa mtu mwema, lakini kazi ni kazi. "Mama, mimi nahitaji mawe ya ngazi na ya ukuta wa mbele," alisema. "Zahanati haiwezi kusubiri. Mvua zikianza kabla sijayapata, nitajenga kwa matofali ya saruji."

Mama hakumlaumu. Aliwageukia wanawe. "Mmesikia. Tukikosa kazi hii, machimbo nayafunga. Dada mtu ataenda kutafuta kazi kiwandani. Na wewe Patasi..."

Hapo ndipo Patasi alipopanda juu ya jiwe na kutoa majigambo yake. Kisha akashuka, akasogea kwenye ukuta, akatoa ulimi. Akalamba jiwe la kijivu taratibu, macho amefumba, kama mpishi anayeonja mchuzi.

"Hili ni lile la kijivu la chini," alitangaza. "Ladha ni ileile. Udongo kidogo, chumvi kidogo. Hapa limeinuka tu, kama tuta barabarani. Tukilipita, jiwe la asali liko mbele. Tuchimbe moja kwa moja."

"Una hakika?" aliuliza Mama.

"Mama, ulimi huu si ulinizaa nao?"

"Na miguu pia nilikuzaa nayo, ukachelewa kutembea."

Lakini Mama hakuwa na wazo jingine. Wakaanza kuchimba kwenda mbele.

Walichimba asubuhi, walichimba mchana. Patasi alipiga sururu, Dada akabomoa kwa mtaimbo, Mama akasukuma toroli la vifusi. Handaki, lililo wazi juu kama mtaro, lilizidi kuwa refu. Ukutani mwake hakukutokea hata punje ya rangi ya asali. Kila jioni Patasi alilamba ukuta na kusema, "Tunakaribia." Dada alianza kumwita Bwana Tunakaribia.

Ndani ya jiwe hilo la kijivu kulikuwa na magamba. Mengi yalijikunja duara, kama pembe ya kondoo dume. Familia ilikuwa imeyazoea. Katika machimbo yote magamba yalikuwepo, na hawakuyapenda, kwa sababu yalikuwa magumu na yaliharibu makali ya vyuma. Tangu enzi za babu, desturi yao ilikuwa moja: ukikuta gamba, ling'oe, litupe kwenye pipa kando ya mlango. Pipa lilijaa. Magamba makubwa yalizuia mlango usijifunge kwa upepo.

Wageni wakiuliza magamba hayo yametoka wapi, Patasi alikuwa na jibu. "Babu wa babu yangu ndiye aliyefungua machimbo haya. Alikuwa mlaji wa chaza, si mchezo. Kila mchana alikula, akatupa makombe nyuma yake. Yakaganda kwenye jiwe." Wengine walicheka. Wengine waliamini, na hao ndio waliompa Patasi raha zaidi.

Nyumba iliyotazamana na yao ilikuwa na mpangaji, mwanamke wa makamo. Kazi yake ilikuwa kupima miamba kwa ajili ya watu wanaochimba visima. Alitembea na nyundo ndogo mkobani, hata akienda sokoni. Kwa hiyo mtaa ulimwita Bi Nyundo. Kwa muda alikuwa akisikia sururu ikigonga upande uleule, bila sauti ya msumeno. Jioni moja alivuka barabara, akabisha hodi.

"Karibu, jirani," alisema Mama. "Utuwie radhi, vumbi limekuwa mtu wa nne katika familia."

"Nimesikia msumeno umenyamaza," alisema Bi Nyundo. "Nikasema, hawa si watu wa kunyamaza."

Mama alimweleza habari yote. Ufa, kijivu, mkandarasi, mvua. Alipofika kwenye habari ya ulimi, Bi Nyundo alimtazama Patasi.

"Kwa hiyo unalamba mawe?"

"Ni kipaji, Bi Nyundo. Hakifundishwi."

"Mimi pia nalamba," alisema Bi Nyundo. Patasi akatabasamu. "Lakini silambi kwa ajili ya ladha. Mate hulowesha jiwe, nikaona vizuri kilichomo." Patasi akaacha kutabasamu. "Mawe mawili ya kijivu yanaweza kuwa na ladha moja na rangi moja, huku yakiachana umri kama wewe na bibi yako. Niambie, ndani yake kuna magamba?"

"Tele. Yako kwenye pipa pale."

Bi Nyundo alipiga magoti kando ya pipa kama mtoto aliyeonyeshwa peremende. Akatoa gamba moja, akaligeuza. "Hili lilitoka wapi?"

"Shimoni."

"Shimoni wapi? Chini ya jiwe la asali? Ndani yake? Juu yake?"

"Shimo ni shimo, Bi Nyundo."

Akatoa jingine. "Na hili?"

Dada alimtazama Mama. Mama alimtazama Patasi. Patasi alitazama dari.

"Basi hapa kuna msiba mdogo," alisema Bi Nyundo. "Magamba haya yalikuwa yamepangwa vizuri sana, kila moja mahali pake. Yangewaambia jiwe lenu liko wapi. Nyinyi mmeyang'oa na kuyachanganya. Ni kama mtu kachana barua, akatikisa vipande ndani ya kofia."

"Kwani makombe ya chaza wa babu yangu yanajua nini?" aliuliza Patasi. Na akamsimulia hadithi yake ya babu mlaji.

Bi Nyundo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaokota bonge la jiwe lisilo na ufa wowote, akampa. "Pasua."

Patasi alilipasua kwa pigo moja. Katikati kulikuwa na gamba zima, limekaa kama kokwa ndani ya parachichi.

"Jiwe hili lilikuwa limefungwa pande zote," alisema Bi Nyundo. "Babu wa babu yako aliingiaje humu kula?"

Dada aliangua kicheko. Hakuwa amecheka tangu siku ya ufa.

"Alikuwa mwembamba," alisema Patasi. Lakini sauti yake ilikuwa ndogo.

Mama alileta kigoda, akakaa. "Tueleze, jirani. Taratibu. Sisi ni watu wa mikono."

"Zamani sana, bahari ilikuwa hapa," alisema Bi Nyundo. "Hapa hapa tulipokaa."

Mama aliinua miguu kidogo, kama anayeogopa kulowa. "Bahari? Kutoka hapa hadi baharini ni siku nzima kwa basi."

"Leo, ndiyo. Lakini bahari huhama. Maji yakipanda, yanaingia nchi kavu. Maji yakishuka, yanaondoka. Na ardhi nayo huinuka, polepole kuliko kucha inavyoota. Bahari ilipokuwa hapa, wanyama hawa waliishi ndani yake. Walipokufa walizama kwenye tope. Tope jingine likawafunika. Tope juu ya tope, kwa mamilioni ya miaka, mpaka uzito ukaligeuza kuwa mwamba. Gamba au mfupa uliobaki hivyo tunauita kisukuku."

"Na huyu ni konokono?" aliuliza Dada.

"Anafanana naye, lakini si jamaa yake wa karibu. Jamaa zake wa karibu ni pweza na ngisi. Anaitwa amonaiti. Ona, gamba lake lina vyumba vingi. Mnyama alikaa chumba cha mwisho, mlangoni. Vyumba vya nyuma vilikuwa na hewa, ndiyo maana aliweza kuelea majini. Leo hayupo popote. Ukoo wake wote ulikwisha."

Patasi alilitazama gamba. Chumba kimoja mlangoni, vingine hewa tupu. "Kama mpangaji mwenye nyumba kubwa asiye na fanicha," alisema.

"Hasa," alisema Bi Nyundo. "Sasa jambo la muhimu ni hili. Tope la chini lilitangulia, la juu lilifuata. Kwa hiyo jiwe la chini ni la zamani kuliko la juu. Na wanyama walibadilika kadiri muda ulivyokwenda. Ukijua sura za wa chini na sura za wa juu, utajua umesimama tabaka gani. Lakini lazima mwanzie mahali ambapo matabaka yote bado yamepangwa."

"Ukuta wa zamani," alisema Dada. "Upande wetu wa ufa. Kule babu alikoanzia."

"Tutaanza upya," alisema Mama. Alisimama, akajifunga kitambaa kichwani kana kwamba kumeshakucha. "Kesho asubuhi. Na hakuna gamba litakaloingia kwenye pipa."

Asubuhi Mama alichukua mabeseni matatu kutoka jikoni. Beseni jekundu aliliweka chini ya ukuta, kwa magamba ya kijivu cha chini. Beseni la bluu lilikuwa la jiwe la asali. La tatu halikuwa beseni, lilikuwa sufuria kubwa. Hilo lilipandishwa juu, kwa ajili ya kijivu cha juu.

"Na tutapikia nini?" aliuliza Patasi.

"Tutapikia ile ndogo," alisema Mama. "Na wewe utakula kwa zamu."

Walifanya kazi bila haraka. Kila gamba lilitolewa na mtu mmoja, likawekwa katika chombo chake. Patasi alipojaribu kutupa moja chini kutoka juu, ili asishuke ngazi, Mama alimwambia, "Shuka nalo. Na urudi." Alishuka nalo. Akarudi.

Bi Nyundo alikuja baada ya kazi zake. Wakakaa mbele ya vyombo vitatu.

"Angalieni beseni jekundu," alisema. "Mnaona nini?"

"Matuta juu ya gamba," alisema Dada. "Yamenyooka kutoka ndani hadi nje."

"Na la bluu?"

Dada aliyageuza geuza. Macho yake yalikuwa yamezoea kuona ufa mwembamba kama unywele. "Mengine yamenyooka. Mengine tuta linagawanyika mara mbili, karibu na ukingo. Kama njia panda."

"Na kwenye sufuria?"

"Yote yamegawanyika. Kutoka karibu na katikati."

"Huo ni ukoo mmoja," alisema Bi Nyundo. "Umebadilika kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi. Hayo tunayaita mageuko."

Patasi aliinua kidole. "Subiri. Yaani mnyama alijikuna akagawanya matuta yake? Mimi nina sugu mikononi kwa sababu ya nyundo. Mwanangu atazaliwa na sugu?"

"Hapana," alisema Bi Nyundo. "Swali zuri, na wengi hukosea hapo. Sugu umezipata kazini. Hazirithiwi. Kinachorithiwa ni kile ulichozaliwa nacho. Mama, hawa watoto wana masikio ya nani?"

"Ya baba yao," alisema Mama. "Unayaona kutoka barabarani."

"Mama!"

"Basi ndivyo hivyo," alisema Bi Nyundo. "Katika kila uzao, watoto hawafanani kabisa. Mmoja ana matuta hivi, mwingine vile. Pengine wale wenye matuta yaliyogawanyika walikuwa na magamba imara zaidi, adui akashindwa kuwavunja. Sababu yenyewe sijui kwa hakika. Lakini waliokufa mapema hawakuacha watoto wengi. Waliosalimika waliacha wengi, na watoto wao wakarithi matuta hayo. Rudia hilo kwa vizazi maelfu na maelfu. Hakuna mnyama hata mmoja aliyejibadilisha. Ukoo ndio uliobadilika."

Dada alikuwa bado anachambua sufuria. Akatoa gamba moja, akalitenga. "Na huyu je? Huyu hafanani na mtu."

Lilikuwa gamba nene. Badala ya matuta marefu, lilikuwa na vinundu, safu mbili zimezunguka mgongo wake.

"Yuko kwenye beseni jekundu?" aliuliza Bi Nyundo.

Walitafuta. "Hayupo."

"La bluu?"

Wakalimwaga lote mezani. Hakuna hata mwenye kinundu kimoja. "Hayupo."

"Mnamwona mzazi wake huko chini? Mtu wa nusu vinundu?"

"Hakuna," alisema Mama. "Ametokea ghafla. Kama mkwe asiyetoa taarifa."

"Basi inaelekea hakuzaliwa hapa. Alihamia. Nimewahi kuona jamaa zake katika miamba ya nchi nyingine, mbali sana, ya zamani kuliko hii. Wazazi wake wako huko. Maji ya bahari yalipopanda, yalifunika nchi kavu iliyozitenga bahari mbili. Mlango ukafunguka. Watoto wao wachanga wakachukuliwa na mikondo, wakafika hapa, wakapata chakula, wakakaa."

"Mgeni," alisema Patasi.

"Mgeni. Na wageni wa namna hii wanatusaidia sana sisi wapimaji. Kwa sababu kabla ya kufika kwao, hawapo kabisa."

Patasi alinyamaza. Hilo lenyewe lilimfanya Mama amgeukie, akidhani anaumwa. Patasi alichukua nyundo, akatoka nje. Alipita ukuta wa zamani, akapita ufa, akaingia kwenye handaki lake mwenyewe. Wenzake walimfuata.

Alipiga ukuta wa kijivu mara moja, mara mbili. Kipande kilianguka. Ndani kulikuwa na ukingo wa gamba, umefunikwa na vumbi. Alitoa ulimi, akalamba. Safari hii hakufumba macho.

Vumbi liliondoka. Vinundu vilionekana. Safu mbili.

"Mgeni," alisema tena, polepole. "Yuko hapa. Na mgeni yuko juu ya jiwe la asali tu. Chini yake hajawahi kuwepo." Aligeuka. Uso wake ulikuwa mweupe kwa vumbi, na masikio ya baba yake yalikuwa mekundu. "Hiki si kijivu cha chini. Ni cha juu. Sisi hatuko chini ya jiwe la asali. Tumesimama juu yake."

"Lakini hapa tuko usawa uleule wa machimbo," alisema Dada.

"Ni ule ufa," alisema Bi Nyundo. "Chukua godoro na mablanketi yake, kata katikati, kisha upande mmoja uzame. Zamani ardhi ilitikisika, na upande huu ukashuka. Mnachokitafuta hakiko mbele."

"Kiko chini kiasi gani?" aliuliza Mama.

"Siwezi kukuahidi. Lakini kwenye ukuta wenu, mgeni anaonekana karibu tu na jiwe la asali. Ukipanda zaidi, anapotea. Kwa hiyo ninavyoona mimi, si mbali."

Mama alitazama mawingu. Yalikuwa yameanza kukusanyika nyuma ya kilima. Kisha akatazama sakafu ya handaki, akavuta sururu.

"Mtaka cha mvunguni," alisema.

"Sharti ainame," walimaliza wanawe.

Wakainama.

Bi Nyundo aliwakataza kuchimba shimo lililosimama wima, kwa sababu kuta hizo huanguka na kufukia watu. Walichimba kwa ngazi, pana juu, nyembamba chini. Walivaa kofia ngumu, hata Patasi, ambaye alidai kichwa chake kinatosha. Kila walipopata gamba, walilitazama kwanza. Mgeni alikuwepo. Wakashuka. Mgeni alikuwepo. Wakashuka tena. Mikono iliuma, na hakuna aliyelalamika. Usiku mmoja manyunyu yalianguka, na asubuhi Mama alikuwa shimoni kabla ya chai, akichota maji kwa ile sufuria kubwa.

"Mama, pumzika," alisema Patasi.

"Nitapumzika juu ya jiwe la asali."

Kisha magamba yenye vinundu yakapungua. Siku iliyofuata hawakuona hata moja. Patasi aliegemea ukuta. Aliogopa. Je, kama amekosea mara ya pili?

Dada aliinua mtaimbo, akaupiga chini.

Sauti ilibadilika. Haikuwa ile ya biskuti. Ilikuwa kama kengele.

Mama alipiga magoti, akafuta tope kwa kiganja, mara moja, mara mbili. Chini ya kiganja chake, rangi ya asali ilitokea.

Walipiga kelele mpaka Bi Nyundo akatoka nyumbani kwake na kandambili mguu mmoja.

Msumeno uliunguruma tena. Mawe ya ngazi yalitoka kwanza, kisha ya ukuta. Lori la mkandarasi lilibeba shehena ya mwisho huku matone makubwa yakigonga boneti. Mkandarasi aliona gamba zima katika jiwe moja la ngazi, akataka ling'olewe. Dada alikataa. "Mwache," alisema. "Amesubiri sana." Kwa hiyo mpaka leo yuko pale, ngazi ya kwanza, amejikunja, na watoto humkanyaga kwa makusudi.

Pipa kando ya mlango lilimwagwa. Sasa kuna rafu, na kila tabaka lina sehemu yake. Gamba halitoki kwenye mwamba kabla ya kuulizwa limetoka wapi. Msumeno ukikuta kijivu, watu wa machimbo yale hawabishani. Wanapasua jiwe, wanatazama, ndipo wanaamua.

Zahanati ilipofunguliwa, Patasi alikuwa miongoni mwa wagonjwa wa kwanza. Alikuwa amejigonga kidole gumba. Foleni ilikuwa ndefu, na watu walikuwa wamekaa kwenye ngazi. Mzee mmoja aliuliza kile kiduara kwenye jiwe ni kitu gani. Patasi alitazama kushoto. Akatazama kulia. Hakuona mtu wa kwao.

"Hilo linahitaji mtaalamu," alisema, akasimama, mkono mzima kiunoni. Akawaeleza bahari, tope, ukoo na mgeni, na kusema kweli aliwaeleza vizuri. Watu walisogea karibu. Hapo utamu ukamzidi. "Sasa jiwe hili lilipopotea, wenzangu walikata tamaa. Mimi nilipiga jicho moja tu. Nikawaambia, liko chini, chimbeni hapa. Sikupoteza hata pigo moja la sururu."

Mbele yake, kwenye foleni, mwanamke mwenye kitambaa kichwani aligeuka taratibu.

"Na lile handaki ninalofugia kuku, mwanangu," aliuliza Mama, "alilichimba nani?"

Mlango wa zahanati ulifunguka. Muuguzi alichungulia nje, akamwona kijana amesimama, mdomo wazi.

"Wewe hapo, njoo. Una tatizo gani?"

"Ni ulimi," Mama alimjibia.